Gadi wa Bagara na Treni Isiyofika

Babati haina reli. Nalisema mapema, mgeni asije akafunga safari kuitafuta akanilaumu mimi. Haina reli, haijawahi kuwa nayo, na ukiuliza treni pale stendi watakuangalia usoni kujua kama umelala vizuri. Lakini sisi wa Bagara, upande wa kushukia ziwani, tulikuwa na gadi wa treni. Alikuwa na filimbi, alikuwa na kofia, alikuwa na bendera ya kijani na bendera nyekundu, na alikuwa na njia ya kupitishia treni aliyoipima mwenyewe kwa kamba. Kilichopungua ni treni tu.

Jina alikuwa nalo, alibatizwa kama watu wengine. Sisi tulimwita Gadi, watoto wakamwita Babu Gadi, na mkewe Mama Neema akikasirika alimwita "huyu mtu wa reli", tena anamwambia jirani huku mwenyewe yupo palepale anasikia.

Shamba lao liko mkabala na kibaraza changu. Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani haendi popote, kwa hiyo ninayoyasimulia nimeyaona mguu ukiwa kwenye pedali. Shamba lenyewe si kubwa. Huku mahindi na mbaazi, kule mahindi na mbaazi, na katikati kuna ukanda mtupu ambao haulimwi, unafyekwa kila mara, na unateremka kuelekea ziwani kwa kupinda kidogo kidogo. Siku za mwanzo nilimuuliza kwa nini ameupinda.

"Treni haikati kona kama pikipiki, Mama Upendo," akanijibu, tena kwa upole, kama anayemwelekeza mtoto.

Haya bwana. Kama ingekuwa shamba tu, tungecheka tukanyamaza. Kesi ya nyumba ile ilikuwa jiko. Nyumba iligusana na ukanda upande mmoja, na jiko lilikuwa ng'ambo ya pili, lile jiko la miti na udongo. Mama Neema akitaka kuchemsha hata chai, lazima avuke reli. Na kuvuka kwenyewe si kuvuka hivihivi. Gadi alishaweka utaratibu: unasimama, unaangalia kushoto, unaangalia kulia, ndipo unapita. Mvua inanyesha, mama wa watu ana sufuria ya kande mikononi, anasimama, anaangalia kushoto, anaangalia kulia. Nilimwona kwa macho yangu miaka na miaka.

"Kwani huwezi kupita tu?" nilimwuliza siku moja alipoleta kitenge.

"Nikipita tu anapiga filimbi, mwenzangu. Bora niangalie."

Alitaka jiko la kuungana na nyumba, basi. Hakutaka kochi, hakutaka televisheni. "Jiko mlangoni kwangu," ndivyo alivyosema, "nikae napika miguu imetulia." Na kila alipolisema Gadi alimjibu maneno yaleyale, kwamba kwenye njia hakujengwi. Hakugomba. Alilisema kama mtu anayekwambia leo ni Jumanne.

Ukitaka kumwelewa Gadi, ilibidi ukubali kupelekwa Tanga kwa maneno. Alikuja kwangu na suruali iliyochanika, nikamshonea, na kabla uzi haujaisha tumeshafika bandarini. Huko ndiko alikofanya kazi ya reli, kwenye njia ya mizigo iliyotoka stesheni ikashuka mpaka kwenye maghala, ikafuata ukingo wa maji. Aliwahi kuiona ikiwa hai. Marobota ya mkonge yanashuka kutoka mashambani, kahawa inakuja kutoka Moshi, mbolea inapanda kwenda bara, na yeye yuko behewa la mwisho na bendera yake. Wenye nyumba za karibu, alisema, walijua saa kwa treni, na ikichelewa wanachelewa nayo kuweka maji ya chai.

Halafu mzigo ukahamia kwenye malori. Hakuna aliyetangaza. Treni ya kila siku ikawa ya mara moja moja, ya mara moja moja ikawa ya siku fulani ambayo hakuna aliyeijua, na mwisho likabaki behewa moja chini ya mti wa mkungu, limefungwa, na mlinzi mwenyewe hajui ndani kuna nini. Chumvi ya bahari ikaanza kula chuma. Wavuvi wakaona reli inapata moto vizuri mchana, wakaanika dagaa. Majani yakafunika mataruma yaliyobeba reli. Kisha mtu mmoja akaleta nguo zake akazianika juu ya reli.

"Reli haifi kwa kutu," Gadi alisema hapo, na alisema hivyo kila mara. "Kutu unakwangua. Reli inakufa siku mtu anapoanika shuka juu yake na asiogope."

Wakati huo yeye alikuwa bado anaitembelea ile njia kila asubuhi, maana kazi yake ilikuwa kuhakikisha iko wazi. Treni inaweza kuja. Hajaambiwa haiji. Na ndipo alipotokea adui yake mkubwa, yule aliyemwita "mama mkaidi". Mama mkaidi alikuja na mafiga matatu, akayapanga katikati ya reli mbili, akabandika karai, akaanza kukaanga mihogo na kuuza. Gadi anakuja asubuhi, anapiga filimbi, anamwambia, "Mama, hama, treni inakuja!" Na yule mama, bila kuinua kichwa, anageuza mihogo yake na kujibu, "Sihami. Ikija nitaiona."

Kesho yake hivyohivyo. Na keshokutwa.

"Sasa ilikuja?" nilimwuliza mara ya kwanza niliposikia hadithi hiyo.

"Mama Upendo," akasema, "shona suruali."

Basi ndiyo maana alipokuja kuishi Babati na kugawiwa eneo upande wa ukweni kwake, jambo la kwanza, kabla hata ya choo, alipima njia. Alisema mji wowote utakaokuwa na ziwa na mzigo lazima siku moja utakuwa na reli ya kandokando ya maji, na reli hiyo ikifika itakuta watu wamejaa kila mahali, na itakuta kwake pako wazi. Hapo alipiga kifua. Sisi tulicheka kichinichini, maana ni mtu mzima na kumcheka waziwazi si adabu.

Kisha ukaja mkoa. Tulikuwa watu wa Arusha, tukaamka tumekuwa watu wa Manyara, na Babati yetu ikawa makao makuu. Jamani, mji ulichangamka! Ofisi zinatafuta vyumba, wageni wanatafuta nyumba, na mimi nikashona suti za kazi mpaka macho yakauma. Gadi yeye hakushangaa hata kidogo. Alisema makao makuu ya mkoa hayawezi kukosa treni, akaanza kuifyeka njia mara mbili zaidi.

Siku moja wakaja vijana wa kupima viwanja, wana miguu yao mitatu ya chuma na vigingi vyenye rangi nyekundu. Gadi alipoona wanakuja kwa kufuata ukanda wake, aliingia ndani akatoka amevaa sare yake ya kazi, vifungo vyote, na kofia. Akawaamkia yeye, mzee mzima akawaamkia vijana, wakachanganyikiwa wasijue waitike nini. Mama Neema akatumwa chai. Akasimama, kushoto, kulia, akavuka, akaleta chai.

"Stesheni mtaiweka wapi?" Gadi akauliza.

Vijana wakatazamana. Mmoja, mwenye heshima zake, akasema, "Mzee, shikamoo. Sisi tunapima viwanja vya ofisi huko juu. Hapa tunapita tu."

"Mnapita," Gadi akasema, ameridhika kabisa. "Ndiyo kazi yake. Ni ya kupita."

Na kweli watu walipita. Hilo lazima nimpe. Mtaa ulipojaa nyumba na kila mtu akavuta ukuta wake mpaka mlangoni mwa mwenzake, njia pekee iliyobaki pana ilikuwa reli ya Gadi. Wanafunzi walipita hapo, ng'ombe wa kunywa maji walipita hapo, bodaboda ndiyo usiseme. Sheria yake ilikuwa moja: kupita ruksa, kusimama hapana. Ukifunga mbuzi wako hapo utamkuta mlangoni kwako na salamu kutoka kwa Gadi. Kuna jamaa alitaka kuegesha bajaji kidogo tu anunue vocha, akapigiwa filimbi mpaka akaondoka bila vocha.

Kitu kimoja tu hakikumheshimu. Mnawajua viboko wa ziwa letu, wanapanda kula majani giza likiingia na wanarudi majini kabla ya jua. Asubuhi moja mmoja alichelewa, akawa anarudi kwa kufuata njia iliyofyekwa vizuri, anashuka taratibu na tumbo lake. Gadi akatoka nje, akaona kitu kikubwa kinakuja kwenye reli yake. Mtu mwingine angekimbia. Yeye alichukua bendera nyekundu, akasimama katikati, akapiga filimbi.

Kiboko hakusoma reli popote. Alikuja hivyohivyo. Gadi alirukia kwenye mbaazi zake mwenyewe, kofia kule, kiatu kule, na kiboko akapita zake akaenda ziwani. Mtaa mzima ulitoka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, na niliposimama nikamwambia kwamba angalau sasa treni yake imepita.

"Haikusimama kwenye alama nyekundu," akasema, anatoa majani kichwani. "Dereva wake aandikiwe barua."

Alikuwa na mambo yake yasiyokubaliana, kama sisi sote. Mtu aliyekwambia dakika ni mali ndiye aliyekuwa wa mwisho kuingia kanisani kila Jumapili. Mchungaji alimsema, wazee wa kanisa walimsema. Jibu lake ni kwamba gadi anapanda mwisho, akishahakikisha wote wameingia. Kwenye harusi alikula mwisho. Kwenye msafara wowote alikuwa nyuma kabisa, na mlegevu yeyote aliyechelewa barabarani alimkuta Gadi anamsubiri. Basi la kwenda Arusha hakulipanda katu, eti linakata kona vibaya, lakini alikwenda stendi kuyaaga mabasi ya watu wengine kwa bendera ya kijani. Makondakta walimzoea, wengine hawaondoki mpaka awapungie.

Na hapa niache utani kidogo. Baba Upendo wangu alipofariki, uwanja wangu haukutosha turubai. Mnajua kibaraza changu kilivyo, ukiweka cherehani na mteja mmoja pamejaa. Wanaume wamesimama barabarani wanajadiliana watu wakae wapi, jua kali, mimi ndani sijielewi. Nikasikia filimbi. Gadi alikuwa amechomeka bendera nyekundu mwanzo wa njia yake, na kitambaa kingine chekundu kule chini mwisho, akawaambia, "Njia imefungwa. Wekeni turubai." Yule yule wa kupita ruksa, kusimama hapana! Msiba wote ulikaa juu ya reli yake, majiko, viti, magunia ya mchele na wanakwaya, na yeye akakaa kwenye kigoda mwanzo wa njia, anawageuza bodaboda kwa sauti ya chini. Siku ya kuzika alitembea nyuma ya watu wote. Nilipogeuka makaburini nikamwona kule mwisho amevua kofia, na ndipo nilipolia vizuri. Kesho yake tulipong'oa turubai, alifagia, akatoa bendera, akafungua njia. Hatukuwahi kuizungumzia.

Mama Neema yeye aliizungumzia. "Kumbe inafungika," alimwambia mumewe mbele yangu. "Kwa msiba inafungika. Kwa jiko haifungiki?"

"Ile ilikuwa ya muda," Gadi akasema. "Jiko ni la kudumu."

"Na mimi je? Mimi ni wa muda?"

Gadi akainuka akaenda kufyeka.

Masika iliyofuata ilikuwa ya matope. Mchana mmoja niko kwenye cherehani, namwona Mama Neema anatoka jikoni na sufuria ya ugali amefunika kwa sinia. Akafika ukingoni, akasimama. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia, na mguu ukiwa umeshaanza kukanyaga, akateleza. Nilisikia sinia kabla sijamsikia yeye. Tulikimbia wote. Alivunjika nyonga, akalazwa muda mrefu, na aliporudi nyumbani alirudi na fimbo ya kutembelea, na kuvuka reli ikawa haiwezekani tena. Binti wa dada yake akaja kumsaidia kupika.

Gadi alikuja kibarazani kwangu jioni moja. Hakuwa na suruali ya kushona. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Nilimfundisha mwenyewe kuangalia kulia," akasema.

Nikatoa mguu kwenye pedali.

"Alikuwa anaangalia kulia, Mama Upendo. Hakuona chini. Na kule kulia hakukuwa na kitu." Akaizungusha ile kofia. "Hakujawahi kuwa na kitu."

Siku hiyo sikumtania. Nilimwonea huruma. Nikamwambia akae, akasema hapana, mgonjwa anamsubiri, akaenda.

Kesho yake nikapeleka uji. Gadi alikuwa ametoka, na Mama Neema yuko kitandani anacheka peke yake. Nikamwuliza kulikoni.

"Amesema anafunga njia," akasema. "Kanipigia magoti, huyu mtu wa reli. Anajenga jiko. Mara ya pili nimemshinda."

"Mara ya kwanza ilikuwa lini?"

Akanitazama kama vile mimi ndiye mjinga wa mtaa. "Wewe kila siku unasimuliwa Tanga. Hujawahi kuuliza yule mama mkaidi aliishia wapi?"

Nusura uji unimwagike. "Ni wewe?"

"Kwani nani? Nilikuwa kwa dada yangu, chumba kimoja, sina pa kupikia. Nikaona palepale kwenye reli pako sawa, hapapiti kitu. Kila asubuhi anakuja na filimbi. Namwambia sihami, ikija nitaiona. Mwisho akawa anakaa tuisubiri wote. Akisubiri, anakula mihogo. Basi tumesubiri mpaka Neema amezaliwa."

"Na mbona hasemi?"

"Anaona haya! Gadi mzima kumwoa aliyevamia njia yake. Siku tunahamia huku kwetu aliniambia, kule ulinishinda, Babati hunishindi." Akafuta machozi ya kicheko. "Nikamwachia, maskini. Nikaona mtu hawezi kunyang'anywa reli mbili."

Jiko lilijengwa kiangazi. Matofali ya kuchoma, bati, dirisha la kutazama nje, na mlango umeungana na wa nyumba. Likakaa katikati ya ukanda kabisa, na watu wakaachiwa kijinjia pembeni kupitia mahindi. Kabla fundi hajachimba msingi, Gadi alichomeka bendera nyekundu juu na chini. Fundi akauliza zitakaa mpaka lini.

"Mpaka nitakapotoa taarifa," akasema.

Hakutoa taarifa. Mafiga aliyapanga mwenyewe, matatu, akiyasogeza na kuyarudisha kama mtu anayejua hasa yalikuwa yamekaaje.

Mara ya mwisho kukaa naye vizuri ni mwaka ule niliohamia kwa mwanangu Upendo, mtaa wa Maisaka. Nilirudi Bagara kuwasalimia. Gadi alikuwa kwenye kigoda nje, amezeeka, sare imemwelea mwilini. Nilimletea bendera nyekundu mpya, maana ya zamani jua lilikuwa limeila ikawa kama ya pinki.

"Shikamoo, Gadi."

"Marahaba, mama. Umechelewa."

"Nimechelewa na nini? Tulipatana saa?"

Aliipokea bendera, akaikagua mshono, akakubali kwa kichwa. Halafu akatoa filimbi mfukoni, akanikonyeza, mzee yule akanikonyeza, akapuliza kwa pumzi aliyokuwa nayo. Ilitoka nyembamba. Akaita, "Mama, hama, treni inakuja!"

Kutoka jikoni, katikati ya moshi na harufu ya mihogo, sauti ikajibu bila kuchelewa. "Sihami! Ikija nitaiona!"

Gadi akacheka hadi akakohoa. Nikamshika mkono akainuka, tukaenda jikoni, na mlangoni akanisimamisha nipite kwanza, maana gadi huingia mwisho. Nikaingia, nikamwamkia Mama Neema, nikageuka kumsubiri. Alikuwa amesimama kizingitini. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akaangalia chini, akaingia.